Basi Lisubiri Ng'ambo

Jumanne, 9 Aprili
Mto umesomba daraja la magari. Limebaki la waenda kwa miguu. Safari za mikoani zimepungua, kwa hiyo bosi kasema dirisha moja la tiketi litafungwa: langu au la Bi Taratibu, jirani yangu. Atakayewafikisha abiria salama ndiye atakayebaki. Bi Taratibu akashauri mabasi yazunguke njia ya mlimani. Siku nzima barabarani! Nilicheka kimoyomoyo. Dirisha langu siliachii.

Jumatano, 10 Aprili
Nimepata mpango. Basi moja upande wetu, jingine upande wa pili. Abiria wanavuka kwa miguu, wanapanda, wanaondoka. Nikamwambia bosi njia ya mlimani haipitiki kabisa. Sijaiona, lakini mpango mzuri lazima usukumwe kidogo. Kakubali.

Nikawapigia madereva: Mzee Breki, aliye huku, na Kipara, aliye upande wa pili. Maneno machache, ya kikamanda. Kesho asubuhi, basi lisubiri ng'ambo ya mto. Wote wakajibu sawa, mkuu. Mkuu! Mke wangu kauliza kama wamenielewa. Nikamwambia mambo ya usafiri aniachie mimi.

Alhamisi, 11 Aprili
Siku mbaya. Nimewavusha abiria mwenyewe, kifua mbele. Upande wa pili hakuna basi. Tukageuka. Katikati ya daraja tukakutana na abiria wa kule, nao wanarudi kwao, maana huku pia hakuna basi. Tukabanana pale na masanduku. Mama mmoja mwenye kichanga kaniuliza mimi ni nani hasa. Nikajifanya nahesabu masanduku.

Mzee Breki akapiga simu, bosi kasimama pembeni yangu. Akasema yuko mlimani, anakuja ng'ambo kama nilivyoagiza. Kapishana na Kipara, naye anakwenda ng'ambo, wamepungiana mikono. Akaongeza kwamba barabara ni safi, haina hata shimo. Bosi alisikia kila neno.

Bi Taratibu kawatafutia watu viti na maji, kawaambia ukweli kwamba mabasi yatafika jioni. Yakafika. Watu wakamshukuru yeye.

Jumamosi, 13 Aprili
Dirisha langu limezibwa kwa kadibodi. Imeniuma sana, sitaficha. Bosi kasema mpango ni mzuri, kasoro yake ni mimi. Sasa Bi Taratibu anauendesha, mimi nashika kipaza sauti darajani.

Lakini sikati tamaa. Kesho Bi Taratibu ana mapumziko, na nimejitolea kuwapigia madereva. Ng'ambo ni neno bovu, silitumii tena. Safari hii nimewaambia wote wawili wasubiri upande wa huku. Mzee Breki kauliza huku kwangu au huku kwake. Nikamwambia huku ni huku, nikakata simu.