Vita vya Fundi wa Makochi na Wigi Lake

Sogeeni, enyi wenye nywele na enyi wenye vipara, tegeni masikio, kwani habari hii si ya kusikilizwa huku mtu anachambua mchele! Jirani muuza mkaa anadai, tena kwa kiapo, kwamba mnyama mweusi alimrukia Fundi wa Makochi utosini, akamng'ang'ania, na Fundi akapigana naye peke yake sebuleni, akinguruma. Jirani hakusema uongo. Alichungulia vibaya tu.

Maana huyo Fundi, simba wa misumari midogo, mfalme wa sponji, aliyeukalisha mtaa mzima, alikuwa na adui mmoja asiyemweza: utosi wake mwenyewe. Mkewe alipoondoka mwaka jana kwenda kumuuguza dada yake, nywele za kuchana zilikuwa bado zipo. Sasa anarudi Jumamosi, na zimebaki za nyuma ya masikio tu, kama majani yaliyomponyoka mfyekaji. Simba akaingiwa na hofu. Mke aliacha mwanamume, atakuta mzee.

Akamwendea Kinyozi, akaketi katika kiti ambacho kwa haki hakuwa na shughuli nacho tena.

"Ewe bwana wa mashine na wembe, nipe silaha!"

"Mzee wangu," akasema Kinyozi, mkono kifuani, "silaha zipo. Ipo dawa ya kupaka, ila inataka miezi, na ukiiacha, nywele nazo zinakuacha. Vipo vidonge, lakini hivyo kamuulize daktari, si mimi. Na hospitali kubwa wanapandikiza: wanazing'oa za kisogoni, wanazipanda mbele kama miche."

"Mama watoto anafika Jumamosi."

"Basi tunyoe hizo zilizobaki, ung'are."

"Ning'are! Mimi sahani?"

"Basi limebaki wigi, mzee."

Likanunuliwa wigi, pamoja na kichupa cha gundi yake. Fundi akakinusa, akacheka kwa dharau. "Gundi ya kitoto hii." Yeye ambaye sponji zake zimekaliwa na wanene wa kila ukoo zisibanduke, atumie maji haya? Jumamosi ilipofika akafungua kopo lake la kazini. Akapaka utosi, akapaka wigi, akangoja vikauke kidogo kama kazi inavyotaka, kisha akabandika kwa kiganja kizito. Na gundi ile, wenye kazi wanaijua, ikishashika haikubali kusogezwa. Wigi likatua upande, likameza sikio la kushoto.

Akavuta. Wigi likagoma. Akaliamuru, akalibembeleza, akalitukana mpaka mababu zake, kama linao. Nyusi zikapanda, ngozi ikainuka, adui asitoke ngomeni. Ndipo jirani alipochungulia. Na ndipo mlango ulipofunguka.

Mkewe akatua mzigo, akamtazama sana.

"Samahani kaka," akasema, "mwenye nyumba nimemkuta?"

"Mama watoto, usicheke."

"Sicheki. Nauliza tu huyo uliyembeba kichwani anakula nini."

Fundi akasimama, akanyoosha mkono kama mbele ya majeshi. "Ewe mke wangu, taa ya nyumba hii! Nilitaka unikute vilevile ulivyoniacha!"

"Nilikuacha na masikio mawili, leo naona moja. Hebu kaa chini."

Akapasha mafuta ya kupikia yawe vuguvugu, akayadondoshea ukingoni mwa wigi, akabandua taratibu kwa ukucha.

"Unavuta!"

"Sijavuta."

"Umevuta, mama we!"

"Mwanamume mzima. Tulia."

Andikeni, enyi watunza tarehe, na watoto wenu wakariri: Jumamosi ile, kabla mafuta hayajapoa, Wigi lilianguka sakafuni, na utosi wa Fundi ukarudi mikononi mwa mwenyewe, umechubuka kidogo, unameremeta mafuta, haujashindwa! Mkewe akaufuta kwa khanga, akaupapasa huku na huku.

"Kipara kizuri hivi," akasema, "ulikuwa unakificha nini?"

Fundi akapumua. Ndipo naye akamtazama mkewe vizuri. Ametoka safari, ameinamia jiko, jasho linamtiririka, na kitambaa cha kichwa bado kimefungwa kwa nguvu, kimeshuka hadi nyusini, wala nywele hazikiinui kama zamani. Mwanamke ambaye siku zote hukivua akiwa bado mlangoni.

"Na wewe," akasema taratibu, bila ewe wala taa ya nyumba, "hebu kifungue hicho, nami nikuone."

Mkewe akachukua bakuli la mafuta, akalifunika, akaanza kutafuta pa kuliweka.