Fisi Hana Kosa

Jumatatu, 11 Agosti

Nimechoka! Juzi Mwalimu Leonia wa chekechea kawasimulia tena watoto wa mtaa wetu wa Buzebazeba ile hadithi yake ya msichana aliyepita njia ya mkato, fisi akamla. Mwisho kauliza, kama kila Jumamosi, hadithi inatufundisha nini. Watoto wote: asingepita njia ya mkato! Kisha wakamgeukia Asia, mtoto wa dada yangu.

Wiki tatu zilizopita mtu alimnyang'anya Asia beseni la samaki, migebuka, kwenye njia ya mkato ya michikichini, Asia akiwahi soko la Mwanga. Mwizi hajulikani hadi leo. Asia ndiye anayejulikana! Mama yangu mzazi alimuuliza alifuata nini michikichini. Na tangu juzi mtoto hatoki nje.

Nimeapa. Hadithi hii naigeuza, na kiti cha Leonia nakikalia mimi. Mimi ni fundi cherehani, lakini maneno ninayo.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeijaribu kwa watoto wa jirani. Msichana anapita barabara ya lami na beseni la samaki, saa nne asubuhi, yuko na mama yake. Fisi anamkamata. Haya, tumejifunza nini? Bariki akauliza kwa nini alivaa gauni jekundu. Nikamvalisha sare ya shule. Akauliza mbona hayuko shuleni. Nikaweka likizo! Mwingine akamwonea huruma fisi: ana njaa, halafu mtu anampitishia samaki puani.

Kwa hasira nimeshona zipu ya mteja kinyume.

Alhamisi, 14 Agosti

Mpango! Nimewanunulia maandazi watoto wa mstari wa mbele. Nikiuliza tu, wajibu kwamba kosa ni la fisi. Bariki kachukua matatu, kaahidi kupiga kelele kuliko wote.

Nimemwomba Leonia anipishe Jumamosi. Kakubali haraka mno. Ana lake huyu.

Jumamosi, 16 Agosti

Aibu! Nimetamka tu hapo zamani za kale, Bariki akapaza sauti: kosa ni la fisi! Mstari mzima ukafuata. Fisi mwenyewe hajatokea! Nikaanza upya. Kosa ni la fisi! Leonia akacheka hadi machozi, akaniuliza fisi kafanya nini. Nikasahau.

Ndipo Asia, niliyembembeleza asubuhi nzima aje, akasimama. Akasema kwa sauti ndogo kwamba msichana alikuwa anapeleka samaki sokoni. Fisi alijificha, akamnyang'anya. Watu wakaja, wakamuuliza msichana maswali mengi. Fisi hakuulizwa hata moja. Akakaa.

Mama yangu akatoka nyuma kabisa, akamkumbatia mjukuu wake mbele ya watu wote, akamwomba radhi. Nimelia, nakiri.

Halafu Leonia akatangaza kwamba hadithi za Jumamosi sasa ni za Asia. Na mimi je? Na maandazi yangu?

Jumapili, 17 Agosti

Baiskeli ya Leonia imeibiwa nje ya kanisa! Mtaa mzima unampa pole. Nimekwenda na mimi, pamoja na Asia. Nikamuuliza alifuata nini kuiegesha pale. Mbona hakuifunga mnyororo? Na rangi nyekundu vile, alitegemea nini?

Asia kanitazama, kauliza: mjomba, na fisi je?

Watoto wa siku hizi! Nimemwambia asiingilie mazungumzo ya wakubwa. Hapa tunaongelea baiskeli.