Cheti cha Ndugu Wa

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, tarehe 14 Novemba 2016

Kwa Madame Eugénie,
Mratibu wa Kituo cha Kompyuta cha Taa Mpya,
Dzaleka.

YAH: KUGAWANYWA KWANGU MARA NNE

Mheshimiwa Madame Mratibu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mashine zako zote kumi na mbili. Mimi pia ni mzima, ingawa kwa mujibu wa kituo chako mimi si mmoja.

Naitwa Aristote Byamungu wa Cirhuza. Nina miaka hamsini na saba. Kule Bukavu nilifundisha Kifaransa kwa miaka kumi na tisa; hapa Dzaleka nashona suruali na sare za kwaya. Mwezi wa saba nilijiandikisha katika darasa lenu, tukiwa wanafunzi kumi na mmoja, mimi mkubwa kuliko wote, na nikamaliza nikiwa wa tatu. Sitafuti sifa. Nataja hilo ili ujue kwamba anayelalamika si mtu aliyekuwa akisinzia.

Mambo yalianza hivi. Mwalimu wetu, Ndugu Sinzinkayo, alitengeneza programu mbili za kutoa vyeti. Ya kwanza inashika orodha ya majina. Ya pili inachapa. Ya kwanza inaiita ya pili, na katika mstari uleule inaikabidhi majina yote, jina baada ya jina, na nafasi katikati. Vitu vinavyokabidhiwa namna hiyo mwalimu anaviita arguma. Katika Kifaransa nilichofundisha mimi, arguma ni mali ya watu wanaobishana, na sasa naona Kifaransa kilikuwa sahihi. Kwa maana ile programu ya pili, kila inapokutana na nafasi, inadhani mtu mmoja amekwisha na mwingine ameanza. Jina langu, kama ulivyoona, lina nafasi tatu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Jumamosi tarehe tano, siku ya sherehe ya vyeti, kanisa lilijaa. Mke wangu Ernestine alivaa kitambaa alichokuwa amekitunza tangu Krismasi. Msema-chochote, yaani MC, alikuwa katekista Cyrille, mtu mwenye sauti ambayo haihitaji spika. Aliita, "Aristote!" Nikasimama, nikapewa mkono, nikapokea karatasi, nikarudi kuketi. Sijakaa vizuri, akaita, "Byamungu!" Nikasimama tena. Watu wakapiga makofi, lakini kidogo, kama watu wanaofikiri nimeomba nyongeza. Halafu Cyrille akaitazama karatasi ya tatu, akaigeuza, akaitazama upande wa pili, akavuta pumzi na kuita:

"Wa!"

Watu wakageuza shingo.

"Wa!"

Kutoka viti vya nyuma mama mmoja akauliza, "Wa nani?"

Madame Mratibu, kanisa zima lilicheka. Mimi sikusimama. Mtu aliyefundisha sarufi miaka kumi na tisa hawezi kuinuka mbele ya watu kwa sababu ameitwa kihusishi. Cyrille akaita mara ya tatu, akangoja, akachukua kalamu na kuandika katika orodha yenu: "Wa. Hakuhudhuria." Orodha hiyo bado imebandikwa mlangoni kwenu, na kila anayepita anaona kwamba darasa letu lilikuwa na mtoro.

2. Karatasi ya nne iliandikwa "Cirhuza". Hilo ni jina la marehemu baba yangu, aliyefariki Kabare mwaka 1988 akiwa hajawahi kugusa hata mashine ya kuandikia. Kituo chako kimethibitisha, kwa muhuri, kwamba amefaulu kompyuta. Nitasema ukweli, kwa jina hilo nilisimama haraka kuliko kwa majina mengine yote, na niliporudi kuketi, Ernestine alinipa kitambaa chake cha mkononi bila kuniuliza kitu. Lakini kosa ni kosa. Baba alikuwa mtu mnyoofu, asingekubali cheti ambacho hakukisomea.

3. Wala si mimi peke yangu. Wanafunzi kumi na mmoja tumepata vyeti ishirini na sita. Jirani yangu Kabibi, ambaye anaandika jina moja tu, ndiye pekee aliyepata karatasi moja, na tangu siku hiyo anatembea kambini kama mtu aliyeona mbali. Solange Wilondja alipata mbili. Wilondja ni jina la mume wake, basi yule bwana, ambaye ni kinyozi na hajui kompyuta inawashwa upande gani, alichukua ya pili akaitundika juu ya kioo chake. Sasa watu wanamletea simu zilizokufa. Juzi alipewa redio. Solange amemwambia aishushe ile karatasi, naye anajibu, "Jina ni la nani?" Mkutano wa wazee wa kanisa umepangwa kuhusu jambo hilo.

4. Nyumbani kwangu hakuna amani, ingawa kuna kicheko kingi. Jioni ya sherehe Ernestine alipanga zile karatasi nne mezani, akasema, "Baba Arlette, mi niliolewa na mutu moya. Hawa batatu bengine batalala wapi?" Binti yetu Arlette akipakua nsima, ugali wa huku, anauliza kama Ndugu Wa amekula. Mimi nimezoea serikali kuchezea jina langu. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, nchi yetu ilitukataza majina ya ubatizo, nikaacha kuwa Aristote kwa muda mrefu. Lakini serikali ile ilipunguza. Haikuzidisha.

5. Sasa nafika penye uchungu. Kanisa moja la Nsungwi, kule Area 25 mjini Lilongwe, linatafuta mtu wa kufundisha vijana kompyuta siku tatu kwa wiki. Kwa miaka tisa sijasimama mbele ya ubao. Mchungaji wao, Jean-Pierre, mtu wa Uvira, aliniandikia nije na cheti chenye jina sawasawa na lile la kitambulisho changu cha ukimbizi. Jumatano tarehe tisa niliomba ruhusa ya kutoka, nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabarani, nikabanana na magunia ya mahindi mpaka Lilongwe, nikavuka mji, nikafika nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimevaa koti la ualimu.

Mchungaji alipanga karatasi zangu juu ya meza, moja, mbili, tatu, nne, na kitambulisho kando yake. Alizisoma kwa kidole. Halafu akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, mi nahitaji mwalimu moja. Sasa hapa niko na bane, na huyu wa tatu hata hakuja kwenye sherehe." Habari za Wa zilikuwa zimemfikia kabla yangu! Nilimweleza habari ya nafasi, na ya programu mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea chai, akasema, "Naamini. Lakini kamati haitaamini. Rudi na karatasi moja, jina zima, kabla ya Ijumaa ijayo. Nafasi nakushikia mpaka siku hiyo." Ijumaa hiyo ni tarehe kumi na nane.

Nilisema zikomo, asante ya huku, nikatoka.

6. Kesho yake nilimwendea Ndugu Sinzinkayo. Nakiri kwamba alinipokea kwa heshima, akanipa kiti chake mwenyewe. Akaniambia dawa ya nafasi inajulikana: jina linatiwa ndani ya alama za kunukuu, moja mwanzo, moja mwisho, na hapo programu ya pili inaelewa kwamba yote yaliyomo ndani ni mtu mmoja. Nikamuuliza, kama dawa inajulikana, kwa nini mgonjwa hakupewa? Akashika kichwa. "Mzee, nilizitia. Kila jina lilikuwa na alama zake. Nilizitia Ijumaa asubuhi kwa vidole vyangu. Jumamosi tunachapa, hazimo. Sijui zilienda wapi."

Akaongeza kwamba pengine programu ya kwanza ilizila. Eti hutokea. Unampa wa kwanza jina likiwa na alama zake, yeye anazibakiza kwake, anamkabidhi wa pili jina likiwa uchi. Hapo nilimwelewa vizuri sana, kwa sababu ndivyo ilivyonipata njiani mwaka jana, karatasi yangu ya ruhusa ilipobaki mkononi mwa askari wa kizuizi cha kwanza, na wa kizuizi cha pili akaniuliza karatasi iko wapi. Lakini kuelewa si kukubali. Askari nilimjua kwa sura. Aliyekula alama zangu ni nani?

Kwa hiyo, Madame Mratibu, baada ya kufikiri kwa utulivu siku nne nzima, naomba kwa unyenyekevu mambo haya.

Kwanza, kile kitufe kirefu cha nafasi kifungwe kwa utepe wa gundi katika mashine zote kumi na mbili. Nimekichunguza. Ndicho kirefu kuliko vyote na hakina hata herufi moja juu yake, jambo ambalo lingetutia wasiwasi tangu mwanzo. Kinachoweza kumtenga mtu na baba yake hakifai kuachwa karibu na vijana.

Pili, mpaka kitufe hicho kifungwe, wakimbizi wote wa Dzaleka waandikwe kwa kuunganishwa. Nimejaribu mwenyewe, nikasaini daftari la kwaya AristoteByamunguwaCirhuza. Mwenye daftari aliniuliza kama kalamu yangu imekwama, lakini atazoea.

Tatu, programu yoyote inayomkabidhi mwenzake kitu iandike risiti kwamba nimetoa jina moja na alama mbili, na ya pili ijibu kwamba nimepokea jina moja na alama mbili. Sisi tunaopokea mahindi tunaweka kidole kwenye karatasi. Mashine ina ukubwa gani hata isiweke?

Nne, katekista Cyrille atangaze Jumapili kwamba Ndugu Wa hakuwa mtoro. Au kama kituo kinashikilia kwamba yupo, basi aletwe, tumwone, na aeleze alikuwa wapi.

Tano, na hili naliomba kwa moyo mzito kwa kuwa kijana ananiheshimu: Ndugu Sinzinkayo asimamishwe kufundisha mpaka alama zile zipatikane. Alama hazina miguu. Kuna mkono uliozitoa, na mwalimu mwenye kujali lazima aujue mkono huo. Mimi katika miaka kumi na tisa sijapoteza hata koma.

Natumaini utayashughulikia haya kabla ya Ijumaa. Nisalimie wafanyakazi wote wa kituo, mlinzi wa mlangoni na mama yake aliyekuwa akiumwa mgongo, Kabibi ukikutana naye (asizidi kujivuna), katekista Cyrille pamoja na sauti yake, na Ndugu Sinzinkayo mwenyewe, ambaye sina chuki naye. Ernestine na Arlette wanakusalimu. Nabaki, katika umoja wangu,

Aristote Byamungu wa Cirhuza
Mwalimu wa zamani, fundi cherehani

N.B. Madame, barua nilikuwa nimeimaliza jana, nikataka kuambatanisha ushahidi. Leo asubuhi nikafungua mtoto wa meza ya cherehani kutafuta karatasi yenye ule mstari wa programu ya kwanza, nikaipata chini ya vifungo. Ina maandishi ya kalamu nyekundu. Ni mwandiko wangu.

Nimekumbuka. Ijumaa ile mchana, Ndugu Sinzinkayo aliniomba nihakiki tahajia ya majina, kwenye karatasi na kwenye mashine, kwa kuwa mimi ni mtu wa lugha. Nilirekebisha Wilonja kuwa Wilondja. Halafu nikaona kosa ambalo hakuna mwalimu wa Kifaransa anayeweza kulipita: majina ya watu ndani ya alama za kunukuu! Alama hizo tunaziweka kwenye maneno ya mwingine, au kwenye jambo tunalolitilia shaka. Niliona ni matusi kwa wenzangu, kama kusema Solange si Solange kweli. Nikazifuta, moja moja, zote ishirini na mbili. Nakumbuka hata nilifurahi.

Saa nne nimekwenda kituoni na kuzirudisha zote. Nilimwambia Ndugu Sinzinkayo, nikamwomba msamaha mbele ya darasa. Alicheka mpaka akashika meza, kisha tukachapa pamoja. Imetoka karatasi moja, jina zima, na kesho naipeleka Nsungwi. Ombi la tano basi lifute, na la kwanza pia, kwa sababu kitufe kile nimekihitaji leo.

Barua hata hivyo nakutumia. Nimeiandika siku mbili, na haina kosa hata moja la alama.