Kumpiga Picha Mama Mkwe kwa Kisogo

Jumatano, 6 Agosti 1969. Kawangware, Nairobi.

Sella bado hajarudi. Yuko Tororo, Uganda, kwa kaka yake Khamala. Kisa? Cherehani yake niliibadilisha na kamera. Sasa kosa liko wapi? Cherehani unainamia mpaka mgongo unalia. Kamera unabonyeza tu! Lakini wema wangu haueleweki.

Nyumba imepoa. Jana nilikula ugali na chumvi. Nina hamu naye, basi, nimesema. Mzee Githinji, mwenye ploti tunayopanga, ananishauri nirudishe cherehani kwanza, halafu niende nikaombe msamaha. Mzee mzuri, ila biashara haijui. Nitaenda na kamera yangu! Nitawapiga picha wote, wafurahi, wanipende, Sella afunge mzigo. Mpango hauna tundu hata moja.

Ijumaa, 8 Agosti. Tororo.

Tundu lipo. Mama mkwe yuko hapa!

Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali pamoja. Nabisha hodi, nani anafungua? Yeye! Nikaruka nyuma ya mgomba. Yeye akajifunika leso gubigubi, akakimbilia jikoni akipiga mayowe. Nilikaa mgombani mpaka shemeji Khamala aliporudi kazini. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sella kanisalimia kama karani wa posta. Anasema atarudi Kawangware mama yake akikubali, la sivyo nisahau. Na mama hataki hata kulisikia jina langu. Moyo uliniuma, kusema kweli. Khamala, ili hasira zipoe, ameamua kesho atutembeze miji ya zamani mpaka Jinja, polepole, bila haraka. Mungu ambariki. Kamera nimeipangusa.

Jumamosi, 9 Agosti. Jioni, nguo zingali mbichi.

Gari lilikuwa pikapu ya kuazima. Mbele: Khamala, Sella na mama. Mimi nyuma, chini ya turubai, pamoja na mkungu wa ndizi, nikiangalia tulikotoka nisije nikaona shingo ya mama kupitia kioo. Kwa hiyo kila mji nimeuona baada ya kuupita.

Iganga tulishuka. Maduka ya zamani ya Wahindi, yenye baraza na nguzo, mwaka wa kujengwa umeandikwa juu ya mlango. Mama alisimama kila duka. Hili lilijengwa mwaka aliomzaa Khamala, lile mwaka wa nzige. Nilimsikia kutoka upande wa pili wa ukuta. Chakula changu nilikula nyuma ya duka, peke yangu, mbuzi akinitazama.

Jinja, kwenye chanzo cha Nile, kuna jiwe la kumbukumbu la Mzungu anayesemekana alikivumbua. Khamala alilisoma kwa sauti. Mama akauliza, kwani kabla ya huyo Mzungu wenyeji walikuwa wakichota maji wapi? Wote wakaangua kicheko. Mimi pia, nyuma ya mti.

Kisha mama akataka picha, mto uwe nyuma yake. Kiama! Nikajitetea kwamba kioo cha kamera si jicho. Khamala akasema ni jicho tu, limevalishwa chuma. Akaomba abonyeze yeye. Thubutu! Akibonyeza yeye, mimi nitapendwaje?

Basi nikampa mama kisogo. Kamera nikaitegesha begani, ikitazama nyuma. Sella akawa ananielekeza. Kushoto. Rudi nyuma. Rudi tena. Nikabonyeza, nikarudi, nikabonyeza, nikarudi. Akapiga kelele nisimame! Lakini fundi hasimami kazi ikikolea. Mama akaruka pembeni nisimguse. Mimi nikapitiliza hadi mtoni, maji mpaka kifuani. Kamera niliiinua juu!

Nikasikia kicheko. Mama mkwe! Alicheka mpaka Sella akamshika. Akatuma neno kupitia Khamala: mkwe aliye tayari kuzama ili asimtazame, huyo ana heshima, hata kama akili ni chache. Nimeshukuru kwa sehemu ya heshima.

Jumapili, 10 Agosti. Tororo.

Ameruhusu! Sella anarudi nami. Sharti moja: kamera iende, cherehani irudi. Nimeapa mbele ya shemeji, mkono juu. Sella alitabasamu, nikahisi nimeoa upya.

Ijumaa, 15 Agosti. Kawangware.

Picha zimeoshwa. Mawingu. Suruali ya Khamala. Mawingu tena. Na moja tu, anasema Sella, ya mama mzimamzima, anacheka, Nile nyuma yake. Alilia kwa furaha, akaibandika ukutani. Mimi sijaiona, siwezi. Sasa nakula nikiangalia mlango.

Na hapo ndipo akili ilipofunguka! Rafiki yangu Obiero wa Kibera kaniambia naye hamtazami mama mkwe wake. Wakwe kama sisi ni wangapi Nairobi hii? Nitafungua studio: picha za mama mkwe, zinapigwa kwa kisogo, heshima kamili! Kamera haiendi popote. Cherehani itangoja.

Nimemweleza Sella yote. Ameshusha sanduku, anakunja nguo zake moja moja, na picha ya mama ameibandua, ameilaza juu ya nguo. Mke gani huyu, jamani! Hata sijamwomba, tayari anakwenda Tororo kuniletea mteja wa kwanza.