Benchi la Mtu Mmoja

Jumatatu, 4 Mei
Nimemwona tena! Hondohondo dume, panzi mdomoni, anampitishia mkewe kwenye ufa wa mti. Jike amejifungia ndani ya shina, amejiziba kwa matope, amebakiza upenyo tu wa kupokelea chakula. Karantini ya hiari, na hakuna aliyemlazimisha! Nimecheka peke yangu bustani nzima.

Mimi ndiye niliyemgundua. Iandikwe. Kinyozi mimi, kibanda kimefungwa tangu gonjwa liingie, sina kichwa cha kunyoa, nina ndege tu. Kundi la simu la mtaa limeamua: atakayepiga picha ya kwanza jike akitoka, ndiye atakayempa jina. Nimeshachagua. Jina langu.

Jumanne, 5 Mei
Balaa! Fundi cherehani amenifuata nyuma. Bwana huyu anashona barakoa usiku na mchana, mtaa mzima umevaa kazi yake usoni, hata mimi. Sasa anataka na ndege! Mbele ya mti kuna benchi moja tu, na Bibi Afya wa mtaa amelipiga alama ya rangi: akae mtu mmoja, wengine wapite. Fundi amewahi. Nimepita mbele yake huku na huku nikijifanya nanyoosha miguu. Akanipungia mkono! Mwaka huu kila kitu kimemnyookea yeye. Hiki kimoja naomba kiwe changu.

Jumatano, 6 Mei
Nimedamka. Benchi limelowa umande, fundi yuko juu yake, amekalia mfuko wa plastiki. Nikamwambia mkewe anamtafuta. Akasema mkewe ndiye aliyemletea chupa ya chai sasa hivi. Nimerudi nyumbani kufikiri.

Alhamisi, 7 Mei
Ushindi! Nimemnyemelea kwa nyuma, nikakohoa. Kimoja tu, kikavu, cha kitaalamu. Fundi ameruka kama amekalia sindano zake! Ameacha chupa. Benchi lote langu. Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto naye akageuza njia. Nikaongeza kikohozi kingine, cha kujifurahisha. Na jike ameanza kugonga matope kwa ndani, vipande vinadondoka! Kesho anatoka, naapa. Chai ya fundi nimeinywa. Ina tangawizi.

Ijumaa, 8 Mei
Siwezi kuandika kwa hasira. Nafungua mlango, Bibi Afya huyo hapo, gauni la plastiki, miwani, glavu. Fundi ameniripoti. Kwa kunihurumia, eti! Nikaeleza kwamba nilikuwa naigiza. Akasema wote husema hivyo. Nikacheka kumwonyesha mimi ni mzima, mate yakanipalia, nikakohoa cha kweli mpaka machozi. Kijiti puani. Nimefungiwa chumbani mpaka majibu yatoke.

Dada, maana nakaa kwake, ananipitishia sahani dirishani, anasema nimeyataka mwenyewe. Wapwa zangu wa kike wamekaa nje, wanaangalia ninavyokula. Kwa darubini yangu!

Jumapili, 10 Mei
Ametoka jana. Bila mimi. Picha ya kwanza ni ya fundi, safi kabisa: jike tawini, mkia umepinda kwa kubanwa shimoni. Nimelia kidogo. Si kidogo. Na jina alilompa? Kinyozi. Kwa heshima ya mgonjwa aliyemgundua, apone haraka. Mtaa mzima umejibu kwa dua. Ningependelea anitukane.

Jumatatu, 11 Mei
Majibu yametoka, sina kitu! Nimetimua mbio mpaka bustanini, barakoa imefika kidevuni. Foleni ndefu, watu wameachiana nafasi, kila mmoja anangoja zamu yake ya benchi. Fundi ameniita mbele, akawaambia wote kwamba mgunduzi akae kwanza. Wakanipigia makofi. Nikaona aibu, aibu hasa, ya kuchoma masikio. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwombe radhi.

Hapo akaniambia jike ametoka, lakini kinda bado yumo, tena ameziba upya tundu mwenyewe. Kundi limeamua: atakayempiga picha ya kwanza kinda akitoka, atampa jina.

Aibu ikaisha papo hapo. Nikautazama mti, nikaitazama foleni. Wengi mno hawa!

Lakini nimejifunza. Sikohoi tena maishani mwangu, kukohoa kuna madhara makubwa. Kesho nitajikuna.