Kampeni Ndani ya Sala

Leo nimeumbuka. Mwenyekiti wa jopo aliponitazama na kusema, "Mzee mwenye mvi, tufungulie kwa maombi," ilinipasa niseme koo linauma. Sikusema. Nilisimama upesi kama mtu aliyeitiwa chai.

Niwaeleze, marafiki. Leo walikuwa wakiajiri walimu wa serikali, katika ukumbi wa shule moja hapa Eastlands. Walimu wa Fizikia walitakiwa wawili tu: mmoja kwa ushindani wa wote, mwingine kutoka kwa watu wenye ulemavu. Mjukuu wangu Nafula alikuwa mmoja wa waombaji. Nafula alizaliwa bila mkono wa kushoto. Kwa huo wa kulia amefundisha miaka mingi akilipwa na wazazi, malipo ambayo hufika yakipenda. Asubuhi aliniambia, "Kuka, leo usije." (Kwetu babu ni kuka.) Nikaja. Nani angemshikia mwavuli? (Hakukuwa na mvua.)

Basi nikafumba macho. Nilianza vizuri. Nikashukuru kwa uhai, nikaliombea jopo. Ukumbi ukaitikia, "Amina!" Hizo amina zikanipanda kichwani.

"Ee Mungu," nikanguruma, "mkumbuke mja wako Nafula! Yule wa safu ya tatu, mwenye gauni la buluu, karibu na dirisha." (Eti Mungu asije akampita.) "Wewe ndiwe uliyemnyima mkono. Atashindana vipi na hawa wenye miwili? Na ile nafasi moja ya wenye ulemavu, Bwana, unajua ni ya nani. Wafungue macho hawa walioketi mezani!"

Nikangoja amina. Haikuja.

Kisha sauti kutoka nyuma: "Buda, hiyo ni maombi ama ni kampeni?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikafumbua jicho moja. Mwenyekiti, mama mmoja wa miwani, hakucheka.

"Mzee, kumpigia mtu debe mbele ya jopo ni kosa. Tunaweza kumwondoa sasa hivi. Nafula ni nani?"

Miaka yote ile ya kungoja, nami nimeivuruga kabla ya kufika amina!

Nafula akasimama. "Ni mimi, madam. Huyu ni babu yangu. Sikumtuma. Ananipenda kwa sauti kubwa tu." Watu wakacheka tena, safari hii kwa upole. "Naomba mnipime pamoja na wote. Alama zangu zikitosha huko, niwekeni huko. Ile nafasi nyingine apewe mwenzangu anayestahili."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Lakini mzee akae nje."

Nikakaa nje, chini ya dirisha, mimi na mwavuli wangu. Zamu ya Nafula ilipofika nilimsikia akilieleza jopo kwa nini mzigo ukiushika mbali na mwili huzidi kulemea. "Mshikisheni babu yangu mwavuli kwa mkono ulionyooka, mtaona," akasema. Jopo likacheka. Nami nikanyoosha mkono, nikajaribu. Kweli! Nilimaliza kidato cha nne bila kulielewa jambo hilo, na leo nimelielewa nikiwa nimefukuzwa darasani.

Alasiri majina yakasomwa. Nafula, wa kwanza kati ya wote. Wenye mikono miwili wakampigia makofi (yeye akapunga mmoja, ukatosha).

Nafasi ile maalum ilimwendea Juma wa Pumwani, anayetembea kwa magongo. Nikampongeza kwa sauti ya huruma. Akanicheka. "Mzee, alama ninazo. Mahojiano yaliyopita yalikuwa ghorofa ya tatu. Nilipofika juu, walikuwa wakifunga mlango." Mimi nilidhani ile nafasi ni sadaka, kumbe ni lifti tu waliyokosa kumwekea.

Tukaenda soko la Burma kula nyama, sisi watatu. Habari ilikuwa imeshatangulia. Mchinjaji akaniuliza, "Mzee, hii mbavu tuiombee ama utaipigia kampeni?" Juma nusura apaliwe.

Nafula akanisogezea kipande kilichonona. "Kuka, sina hasira nawe."

"Asante, mama."

"Lakini siku ya kuripoti shuleni, nitasindikizwa na Mama Auma wa mlango wa pili. Wewe utabaki nyumbani."

"Hata getini tu?"

"Hata getini. Nataka wanijue mimi kwanza, kabla ya kusikia sala zako."

Sikubishana. Ana haki. Suti yangu ya siku hiyo nimeitundika ukutani tangu alipohitimu, na kila mwezi huipangusa vumbi.

Chekeni mkitaka. Mwalimu Nafula ataingia lile geti, na mimi sitakuwepo.