Cherehani ya Mawinguni

Jumamosi, 6 Julai 1996

Nimerudi kutoka Olmotonyi nimeonewa. Naandika kabla hasira haijapoa.

Mwalimu Philemoni wa chuo cha misitu aliachiwa boksi la mchezo na Mzungu aliyemaliza mkataba. Si karata, si bao. Unajifanya mtu mwingine, Philemoni anasimulia nchi isiyokuwepo, na dadu ndiyo inaamua kama umepona au umekufa. Tuko wanne: yeye msimulizi, mkewe Namnyaki, Najim mwenye duka la spea, na mimi. Watu wazima wenye mvi. Mjini sisemi.

Leo tumeanza safari mpya. Sisi ni Wahamaji wa Mawinguni, watu wenye mbawa wasio na kwao, wanaofuata mvua. Kila mmoja ana mfuko mmoja wa kifuani. Kisichoingia hakiruki. Philemoni akasoma vifaa vya kuchagua: hema la utando wa buibui, ukilikunja linaenea kwenye ganda la yai. Sufuria jembamba kama ngozi ya kitunguu. Blanketi la manyoya ya shingo ya ndege. Namnyaki alichukua kibuyu na kamba. Najim alichukua sindano na uzi, basi, akajiona ana akili.

Mimi nilichukua hema, halafu cherehani. Ile ya miguu.

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Namnyaki alisema hata punda wa bibi yake Nkasiogi, waliokuwa wakihama na nyumba nzima mgongoni, wangelala chini wakagoma. Nilieleza kitaalamu: mbawa zikichanika nani atazishona? Najim akanyanyua sindano yake isiyokuwepo. Philemoni akasema, kwa ule upole wa mwalimu anayekufelisha, kwamba kundi halimngojei mzito. Akanipa wiki moja nifikirie.

Wanajua lakini. Mke wangu Batuli alifariki Novemba. Cherehani yake bado iko chini ya dirisha, na shati langu la mkono mmoja bado liko chini ya sindano. Alisema atalimalizia akitoka hospitali. Sijaigusa.

Jumatatu, 8 Julai

Binti yangu Salha amekuja. Shirika limeuzwa, sisi wafanyakazi tumepunguzwa, nyumba za shirika zinatakiwa mwisho wa mwezi. Hayo nayajua. Jipya ni kwamba amenipatia chumba Olasiti. Kimoja.

Aliniamkia vizuri, shikamoo baba, kisha akaanza kupima vitu kwa urefu wa khanga. Akasema kitaingia kitanda, sanduku na mimi. Cherehani haitaingia. Kuna fundi wa kule Njiro anaitaka, mtu mzuri, ataitunza.

Nilisema nitafikiria. Nilichemsha chai, nikasahau majani. Tulikunywa maji ya moto yenye sukari mpaka tukamaliza. Alipotoka aliipangusa cherehani vumbi kwa upindo wa khanga, polepole. Nilijifanya nafunga dirisha.

Jumamosi, 13 Julai

Mpango! Mimi si mtu wa kushindwa na mfuko. Kisichoingia mfuko mmoja kitaingia mitatu. Nilipendekeza cherehani igawanywe: kichwa nibebe mimi, meza Namnyaki, miguu Najim. Philemoni alipekua kitabu chote akitafuta sheria ya kunikataza. Hakuna. Najim alikubali kwa sharti nimpe hema langu la utando. Nikampa. Mtu wangu sasa analala kwenye upepo, lakini heshima ipo.

Tuliruka vizuri mpaka dhoruba. Dadu ya Najim ikatoa moja. Philemoni akamuuliza, miguu au roho yako? Najim hata hakukuna kichwa. Aliiachia miguu ikaenda bondeni, akatangaza kwamba sasa anaruka kama kipepeo. Nilibaki na kichwa cha cherehani, bila hema, nyuma ya kundi.

Sikumuaga. Nimemnunia mtu kwa ajili ya vyuma visivyokuwepo, na chakula cha jioni kimenishinda. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliosema hivyo walikuwa wameshakutana na Najim.

Jumatano, 17 Julai

Nimeamka na ufumbuzi. Kwa nini tugawe ya mawinguni tu? Salha alisema cherehani haitaingia. Hakusema kichwa hakitaingia! Kichwa kitakaa kwangu, chini ya kitanda. Meza itakwenda kwa Philemoni, ataweka redio juu yake. Miguu hana pa kuiweka, nyumba za chuo ni ndogo. Mwenye stoo ni Najim.

Nilikwenda dukani kwake. Nilimsamehe bila kuombwa. Akasema weka tu, Mzee Shomari, hata mwaka. Nilimkumbusha kwamba hii si ya dadu. Akacheka, akasema anajua.

Mchana huu nimefungua skrubu. Sindano sikuiinua. Nimenyanyua kichwa pamoja na shati lake, nikavifunga ndani ya blanketi. Nilipoisogeza miguu mlangoni kumngoja mtu wa mkokoteni, kikanyagio kilijibembeza chenyewe, kikalia ile sauti ya jioni zote za nyumba hii. Nilikaa sakafuni nikalia. Mtu wa mkokoteni alisubiri nje, akajifanya anakaza tairi.

Jumamosi, 27 Julai

Nimehamia Olasiti. Sikwenda Olmotonyi.

Kichwa hakiingii chini ya kitanda, kitanda kiko chini mno. Kwa hiyo kinalala juu, upande wa ukutani, alikokuwa akilala mwenyewe, Batuli. Mimi niko ukingoni. Nimeanguka mara moja.

Salha alikuja na maandazi. Aliliona blanketi, akafunua pembe, akaona mkono wa shati. Nilijiandaa kugombezwa. Badala yake akauliza miguu iko wapi, maana ameshaongea na Mama Paskalina mwenye nyumba, na mama wa watu amekubali cherehani nzima ikae barazani, mvua haifiki pale.

Nzima! Nilimwambia nilishajua mambo yataishia hivyo. Kesho nakwenda kwa Najim.

Jumapili, 28 Julai

Miguu hakuna.

Wenye kambi za watalii wanaitafuta siku hizi, wanaweka kioo juu, wageni wanakula chakula pale na kupiga picha. Mmoja alipita na lori akielekea mbugani, Najim akamuuzia. Jina hakuuliza. Alishangaa kuniona nimeshangaa. Akaingiza mkono mfukoni anipe pesa, nikamwambia aziache humo humo.

Halafu alisema jambo. Alisema, “Mzee Shomari, nilidhani umeshindwa kuiacha mwenyewe, ndiyo maana umeniletea mimi. Kama kule mawinguni.”

Hakuwa anatania. Alidhani amenitua mzigo. Nilikaa juu ya tairi la dukani kwake. Macho yake yalikuwa na machozi kabla ya yangu.

Nilimwambia Salha. Alikaa pembeni ya lile blanketi akaliwekea mkono, kama anampima mtu homa.

Jumatano, 31 Julai

Philemoni ametuma salamu. Kundi limetua juu ya kilima, linaningoja. Sheria ya kitabu inasema halingoji, lakini Namnyaki amekataa kuruka. Nimefurahi kuliko nitakavyowaonyesha.

Na kuna habari kubwa zaidi. Najim amekuja mwenyewe hadi Olasiti, kichwa chini, na mkate mkononi. Anamjua jamaa wa vyuma pale soko la Kilombero mwenye miguu ya cherehani ya kila aina. Tatizo ni matundu ya skrubu, hayafanani. Jamaa anataka aletewe kichwa, akilinganishe, hata kikikaa kwake siku chache. Najim anapita kesho asubuhi na pikapu. Mimi nisisumbuke kwenda.

Salha amenisihi nisikitoe. Amesema, “Baba, hicho ndicho kilichobaki.” Mtoto hana uzoefu wa mambo haya. Mpango wa kwanza uliharibika kwa sababu sikutoa maelezo ya kutosha. Safari hii nimeyatoa.

Nimekifunga vizuri ndani ya blanketi, na shati lake humo humo. Nimemwambia Najim asiinue sindano. Ameapa.